Eda ya Mpunga wa Kambini

6 Januari 1974, Jumapili

Natangaza kwa wakazi wote wa Kambini, kwa wakubwa wa wilaya, na kwa kuku wa Balozi Twalibu waliokuwepo wakashuhudia, kwamba leo saa kumi alasiri Gurudumu la Tarehe limekamilika na linazunguka. Limetengenezwa na mimi, Yahaya fundi baiskeli, kwa boksi la sabuni, wembe, na spoki iliyopinda ambayo mwenyewe aliikataa. Lina maduara mawili. Kubwa lina siku zote za mwaka, dogo lina namba. Unaweka mshale kwenye siku ya leo, unatafuta namba ya siku unazotaka, gurudumu linakuonyesha tarehe utakayoangukia.

Mwanne, mke wangu, aliuliza lina faida gani. Nikamwambia mtu akiazima sufuria kwa siku arobaini, gurudumu litamwonyesha siku ya kuirudisha. Akasema katika maisha yake hajamwona mtu wa kuazima sufuria siku arobaini, labda mwizi. Nikaona bora niende kuziba pancha.

9 Januari

Mvua.

13 Januari

Mvua tena. Mpunga wetu bondeni, mbugani, umeshika vizuri. Mjini Tabora unga hakuna ila ule wa njano, na foleni yake inaanza alfajiri. Mwaka huu tutakula tulichopanda au hatutakula.

17 Januari

Amekuja Bwana Alois wa ofisi ya wilaya kwa pikipiki. Ni kijana wa Nzega, mpole, anafuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo baya. Leo aliifuta mara nyingi.

Kambini tunahamishwa. Tunakwenda kijiji kipya cha Mkombozi, kilomita ishirini na mbili, kwenye shule na zahanati ambazo bado hazijajengwa. Litakuja lori moja, siku moja, kwa nyumba zote kumi na moja. Siku hiyo mapaa yanashushwa, mlango unang'olewa, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kurudi. Siku yenyewe ni kabla ya Pasaka, katikati ya Aprili.

Balozi Twalibu, ambaye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi (ya kumi na moja anaihesabu bure), alimwambia kwamba mpunga wetu unaiva mwisho wa Mei. Bwana Alois akafuta miwani, akasema hata Mkombozi kuna mbuga. Balozi akamuuliza kama mpunga nao utapanda lori ukiwa wima. Watu wakacheka, lakini si sana.

Niandike kwa ajili ya atakayesoma: hapa panaitwa Kambini kwa sababu misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ilipiga kambi hapa. Babu zetu walitua mizigo wapumzike, asubuhi wakakataa kuibeba tena. Sisi ni wajukuu wa watu waliochoka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia tuinuke.

20 Januari

Baiskeli mbili, pancha tatu. Moja ilikuwa na pancha mbili.

28 Januari, Jumatatu

Mzee Abbasi seremala amefariki leo asubuhi. Alikuwa anakohoa tangu Ramadhani. Jeneza la msikiti tulilombebea alilichonga mwenyewe, na njiani tulisikia bawaba moja inalia, kitu ambacho angekirekebisha.

Ameacha mjane, Mwanamkuu, aliyemwoa mwaka juzi kutoka Ipuli mjini. Ni mdogo wa umri, mkimya. Baada ya kuzika ameingia ndani kukaa eda.

30 Januari

Balozi alikuja karakana bila baiskeli. Akakaa juu ya debe, akasifu mvua, akasifu marehemu, kisha akaniuliza kama lile gurudumu langu linaweza kuhesabu eda.

Nikamwambia linahesabu chochote. Miezi minne na siku kumi. Hapo akaingia Mwalimu Nassibu wa madrasa, ambaye nadhani alikuwa anasubiri nje, akasema miezi ya eda ni ya mwandamo, si ya ofisini. Tukahesabu kwa mwezi mwandamo: tarehe sita Juni. Tukahesabu kwa kalenda ya ukutani: tarehe saba Juni. Wakabishana siku hiyo moja mpaka chai ikapoa. Mimi niliwaacha, kwa sababu nilikuwa nimeshaona alichokuja kutafuta Balozi.

Mjane hatolewi katika nyumba ya mumewe mpaka eda iishe. Nyumba haiwezi kushushwa paa mtu yumo. Lori ni moja na siku ni moja, basi nyumba moja ikibaki, zote zinabaki. Na Juni mpunga utakuwa umeshavunwa.

Balozi aliliangalia gurudumu kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea.

2 Februari

Tulikwenda mjini watatu, ofisini kwa Bwana Alois. Yeye ni Mkatoliki, akauliza eda ndiyo nini. Mwalimu Nassibu alimweleza kwa urefu, na kwa aya. Balozi alimweleza kwa ufupi: ukimtoa mwanamke eda kwa lori la serikali, Tabora nzima itasikia kabla lori halijawaka. Bwana Alois alifuta miwani. Kisha akaniuliza tarehe. Nikatoa gurudumu kwenye mfuko, nikalizungusha mbele yake, na nakiri kwamba nililizungusha zaidi ya ilivyohitajika.

Akaandika Jumatatu tarehe 10 Juni. Tulirudi tukiimba.

3 Februari

Kila mtu ananiita Mhandisi. Mwanne bado ananiita Baba Mwanajuma.

14 Februari

Sijawahi kuona mjane anayetunzwa hivi. Maji anachotewa, kuni anakatiwa, asubuhi anapelekewa uji. Wake wa Balozi wanapokezana kumfagilia uwanja. Nilijisemea Kambini ina watu wema. Niliamini hivyo siku tatu nne.

26 Februari

Mvua imekatika siku sita. Mpunga unanyauka ncha. Balozi kaenda kumwangalia Mwanamkuu mlangoni, akauliza kama anakula vizuri.

28 Februari

Mvua. Alhamdulillahi.

4 Machi

Leo sitaziba pancha ya mtu.

Asubuhi nilimwambia Mwanne, kwa furaha yangu ya kawaida, kwamba zimebaki siku tisini na kitu. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, bila kuinua kichwa, "Tisini za nini? Yule anazaa mwezi wa nne."

Nikamuuliza nani anazaa.

"Mwanamkuu. Unadhani ananenepa kwa uji wa Balozi?"

Nilikaa chini. Nikamuuliza tangu lini wanajua. Akasema wanawake wote walijua tangu kabla ya msiba. Mimba ya kwanza haitangazwi, na yeye anajifunga kanga vizuri. Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia tulipokuwa tunahesabu.

"Mlikuwa mnahesabu kwa nguvu sana, Baba Mwanajuma. Tukaona tusiwakatize. Na hamkutuuliza."

Kweli. Tulikaa wanaume watatu na boksi la sabuni, tukagombana siku moja ya mwezi mwandamo, na hakuna aliyemtuma mtu akamuulize mwenye eda.

Nilikwenda kwa Mwalimu Nassibu. Alifunga macho akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua lakini nilitaka asilijue: mjane mwenye mimba, eda yake inaisha anapojifungua. Akizaa kesho yake, imekwisha kesho yake. Lakini, akasema, yule mzee alikuwa anakohoa, nani angefikiri. Nikamwambia kukohoa hakuzuii.

5 Machi

Kikao kwa Balozi, wanaume tu, hatujajifunza. Wakanitaka nihesabu. Kwa maneno ya Mwanne, gurudumu likaangukia kati ya tarehe ishirini Aprili na mwisho wa mwezi. Mpunga wakati huo utakuwa ndiyo kwanza unatoa masuke.

Balozi alisema hakuna haja ya mtu kusema uongo. Tarehe imeandikwa. Sisi tutanyamaza tu. Kunyamaza si dhambi, akamtazama Mwalimu Nassibu, na Mwalimu akaangalia miguu yake.

Mimi nilisemaje? Nilisema gurudumu linaweza kukosea kwa wiki moja. Huo ndio mchango wangu.

19 Machi

Mwanamkuu haruhusiwi kuinua hata kata ya maji, isije ikamharakisha. Mke mkubwa wa Balozi kamkataza kucheka. Mwanne anasema hilo la mwisho halikuwa na kazi, maana hacheki.

5 Aprili

Maulidi kwa Mwalimu Nassibu. Tumekula uji wa unga wa njano. Katika dua, Balozi aliomba mvua ya mwisho, uzima, na "kila jambo lije kwa wakati wake", akasema amina yeye kwanza.

14 Aprili

Pasaka ya Bwana Alois. Lori halikuja, kwa hisani ya marehemu Abbasi. Mvua inaelekea mwisho.

22 Aprili, Jumatatu

Amejifungua saa tano asubuhi. Mtoto wa kike, mdogo, mzima. Mwanne ndiye aliyempokea.

Mwanamke akijifungua Kambini, vigelegele vinasikika mpaka reli. Leo mke mkubwa wa Balozi alisimama mlangoni, kidole mdomoni. Mwanne ametoka na beseni, kanipita bila kunisalimu.

23 Aprili

Balozi anapita nyumba kwa nyumba. Hakuna kwenda kumpongeza. Mwanamkuu asitoke. Nepi zianikwe ndani.

29 Aprili

Siku ya saba. Mtoto hakupewa jina, hakunyolewa, hakuchinjiwa hata jogoo. Jina likisomwa, Mwalimu Nassibu ataliandika katika daftari la msikiti pamoja na siku ya kuzaliwa, na vijana wa msikitini wana midomo. Mwalimu mwenyewe anasema inaweza kusogezwa hadi siku ya kumi na nne, hata ya ishirini na moja. Naona naye amepata gurudumu lake.

Sasa namwita nani nikitaka kumwandika? Namwandika Mtoto.

2 Mei

Bwana Alois amekuja kuhesabu mabati na milango. Pikipiki yake ilisikika kutoka mbali, na kabla hajafika, nilisikia sauti ambayo sikuitarajia: vinu. Wanawake wote wa Kambini walikuwa nje wanatwanga. Kinu kwa kila nyumba, michi inapanda inashuka, pu, pu, pu. Vinu vilikuwa vitupu. Nilichungulia kimoja, mlikuwa na mchi na vumbi.

Ndani Mtoto alikuwa analia.

Bwana Alois alisimama katikati ya kelele akiandika. Akaniambia kwa kupaza sauti kwamba anafurahi kuona sisi tuna nafaka, vijiji vingine havina. Nikamwambia tunajitahidi. Alifuta miwani, akatazama nyumba ya Abbasi kidogo, akaondoka. Wanawake wakatwanga mpaka pikipiki ilipopotea, kisha wakaacha wote kwa pamoja. Mwanne viganja vyake vina malengelenge. Nilimpaka mafuta, akairudisha mikono yake kabla sijamaliza.

5 Mei

Mpunga una rangi ya dhahabu upande wa juu, chini bado kijani. Ndege, wale kwelea, wameanza. Tunapokezana kuwafukuza kwa madebe.

7 Mei

Mtoto ana homa tangu jana na hanyonyi. Mwanne kampaka mafuta, kamfukiza, na leo mchana kaniambia dawa zake zimeisha. Nikaenda kwa Balozi. Kwa haki, sikumkuta amelala. Alikuwa anazunguka uwanja wake. Alisema, "Fundi, hospitali wanaandika kadi. Kwenye kadi kuna siku ya kuzaliwa. Yule Alois hospitali na ofisi yake ni uwanja mmoja." Akasema kuna watu hamsini na wanane hapa, na wao pia wana matumbo. Akasema wiki tatu tu. Wakati anasema hivyo machozi yalikuwa yanamlengalenga, na sikujua nimchukie wapi.

Nilirudi karakana nikajaza upepo tairi zote mbili za baiskeli yangu.

8 Mei, Jumatano

Alfajiri nilibisha nyumba ya marehemu. Mwanamkuu alifungua akiwa amekwisha vaa, Mtoto mgongoni. Akaniamkia shikamoo shemeji, nikaitikia marahaba, nikamwambia nimekuja kumpeleka hospitali, na kwamba kama anaogopa kuvunja eda, Mwalimu ataelewa.

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi. Alisema, "Shemeji, eda ya Abbasi nilimaliza siku niliyozaa. Mungu aliniruhusu saa tano asubuhi. Hii ninayokaa sasa ni eda ya mpunga wenu."

Akapanda karia.

Njiani tulipita nyumba zote kumi. Milango ilikuwa imefungwa, na nyuma ya kila mlango nilijua mtu amesimama. Kwa Balozi mlango ulikuwa wazi. Alikaa kizingitini. Hakunyanyuka, hakutuita. Nilikanyaga pedali kama ninayeiba.

Hospitalini muuguzi mmoja, Benedikta, alimchukua Mtoto, akamgusa, akaacha kuzungumza na mwenzake. Malaria, na kifua kimeanza. Akachukua kadi, akauliza jina. Tulitazamana. Wagonjwa wengine wakageuka kututazama.

"Tunu," akasema Mwanamkuu. Sidhani alikuwa amelipanga. "Tunu binti Abbasi."

"Amezaliwa lini?"

Mimi nilifungua mdomo. Nimebeba tarehe kichwani tangu Januari, za mwezi na za ofisi, na nilikuwa na moja tayari, nzuri, ya mbele kidogo, ya kupunguza siku tulizomficha. Mwanamkuu alisema, "Tarehe ishirini na mbili Aprili," kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia.

Benedikta alimuuliza kwa nini amekawia siku mbili kumleta. Alinitazama mimi alipokuwa anauliza.

9 Mei

Tunu ananyonya kidogo. Wamemlaza.

Nikavuka uwanja kwenda ofisi ya Bwana Alois, afadhali asikie kwangu. Nilimweleza yote nimesimama: mimba, kuzaliwa, vinu. Nikamwomba, kama lori ni lazima lije sasa, basi aandike kwamba wanawake walitii tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuifuta miwani.

"Ndugu Yahaya," alisema, "nina watoto wanne. Mtoto akilia namsikia, hata mkitwanga mawe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Tarehe kumi Juni niliipeleka mkoani Februari ileile. Huko wamepanga malori, mafuta, madereva. Tarehe ikishakwenda mkoani haisogei. Haisogei nyuma, haisogei mbele. Angezaa siku ya pili yake, lori lingekuja tarehe kumi Juni. Nilifikiri mnaficha mtoto kwa mambo yenu ya mila."

Nikasema hapana, si mila.

Kisha akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia ananyonya kidogo.

10 Mei

Nimemwambia Balozi. Alikuwa ameshika debe la kufukuzia ndege. Alinisikiliza, akaliweka chini polepole, akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena. Baadaye alikwenda mbugani, na nilimwona kwa mbali amesimama katika jaruba la Abbasi, si lake, anafukuza kwelea wa mjane. Alikuwepo mpaka jua lilipozama. Mimi nilimdhani mwovu tangu Machi, na kabla ya hapo nilimdhani mjanja. Sasa sina neno la kumwandika.

12 Mei

Mwanne kanisalimu.

18 Mei

Tunu katoka hospitali. Mwanamkuu kaenda naye kwa kaka yake Ipuli. Nilimpelekea godoro na kinu chake. Godoro alichukua.

24 Mei

Tumeanza kuvuna.

25 Mei

Tunavuna.

2 Juni

Tumemaliza. Tangu nizaliwe sijaona mpunga kama huu. Hakuna aliyeimba. Jaruba la Abbasi limetoa magunia matatu, na Balozi aliyashona midomo kwa mkono wake.

4 Juni

Nimeyapeleka Ipuli kwa safari tatu. Safari ya mwisho nilimkuta Mwanamkuu uwanjani, Tunu mapajani, macho makubwa, ananiangalia kama anayenidai maelezo. Nilimfikishia salamu za Balozi. Mwanamkuu akasema magunia yawekwe ukumbini. Nikamwambia mahali pake Mkombozi pamepimwa, karibu na kisima. Akasema asante shemeji, yeye hahami tena na sisi. Hakunikaribisha kukaa, na sikuwa nimetegemea.

9 Juni

Tumeshusha mapaa wenyewe, tusimcheleweshe dereva. Milango, vitanda, magunia, kuku kwenye matenga, vyote viko kando ya njia. Tunalala nje. Baridi ya Juni.

10 Juni, Jumatatu

Tangu alfajiri watu wote wamevaa nguo za safari. Lori halijaja.

11 Juni

Halijaja.

12 Juni

Halijaja. Mvulana wa Balozi alisikia mngurumo, ilikuwa treni.

13 Juni

Lori limekuja leo saa tisa alasiri. Dereva anasema walikuwa wanasubiri tairi.